Kituo cha Sita

Ukitaka kumtambua mtu aliyefundishwa na Kocha, mpe dira. Ataishika mbele ya kifua, atatulia, kisha ataiinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu anayemimina chai ya mwisho iliyobaki kikombeni. Hakuna kitabu cha mbio za ramani kinachofundisha hivyo. Vyote husema dira ilazwe sawa. Lakini sisi tuliokimbia naye Durban, Wakongomani na Wakenya tusiozidi kumi na watano, tuliinamisha sote, na tuliinamisha kwa bidii.

Sababu niliijua kwa aibu. Tulikuwa kwenye mashindano msituni, huko Midlands, bara ya Durban, na mzee mmoja mwandaaji akaniuliza kwa upole kama klabu yetu ina dini yake. Nilipomfikishia Kocha swali hilo, alieleza kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Dira yake alitumiwa na kaka yake aliyeko Ubelgiji. Sindano yake imesawazishwa kwa nchi za kaskazini, na huku kusini ncha moja huzama ikakwama, kwa hiyo lazima uiinamishe ndipo izunguke. Dira zetu tulizinunua hapa hapa na hazikuwa na tatizo lolote. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hiyo hakutuambia.

"Hamukuuliza," akasema. "Munaona mutu anafanya kitu, na nyinyi munafanya. Njo vile munapoteaka."

Niliendelea kuinamisha yangu. Mkono ulishazoea.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unapewa ramani na dira, na porini vimefichwa vituo. Unavitafuta kwa mpangilio, cha kwanza hadi cha mwisho, na anayemaliza mapema ndiye mshindi. Mwenye mbio nyingi na akili kidogo hupotea mapema kuliko wenzake. Mimi nilikuwa na mbio. Nilikuja Durban kusomea uzamivu katika chuo cha Westville, na kwa kuwa ni Mkenya kila mtu alidhani nimezaliwa nikikimbia. Kocha peke yake ndiye aliyenitazama siku ya kwanza na kusema kwamba miguu yangu ni mizuri, sasa tutafute kichwa.

Vituo vyake vilikuwa vitako vya chupa za maziwa za lita mbili, amevipaka rangi nyekundu na kuvitoboa kwa msumari: tundu moja ni kituo cha kwanza, matundu mawili cha pili, hivyo hivyo hadi sita. Alivifunga kwa waya kwa sababu ya tumbili, ambao huko Westville hawana adabu kabisa. Tulikimbilia kwenye hifadhi ndogo ya bonde, mto ukipita katikati na nyumba za watu wenye nafasi zikitutazama kutoka juu. Ramani aliichora mwenyewe, kwa hatua zake na kalamu. Kwao Kongo alikuwa mpima ardhi, na hadi leo sijaona mtu anayetembea kwa hatua zinazolingana vile.

Sheria zake zilikuwa mbili, na hakumung'unya maneno juu yake. Ya kwanza: wakati vituo vinatundikwa, mtafutaji anageuka, anaangalia geti, anatoa mgongo. Kinyozi mmoja aliwahi kuchungulia begani akakamatwa, akarudishwa mjini na teksi ya kwanza, kama matatu zinavyoitwa huku, bila hata maji ya kunywa. Ya pili: zoezi haliishi mpaka vituo vyote sita vimekusanywa. Si watu kurudi. Vituo. Siku moja tumbili alimpokonya mwanafunzi wa uhandisi kituo cha nne akakimbia nacho juu ya paa la ofisi ya hifadhi, akakivaa. Tulikaa hadi saa saba mchana, njaa inatuuma, mpaka mlinzi wa getini, Mzulu mmoja mtaratibu anayempenda Kocha kuliko sisi tulivyompenda, akamhadaa mnyama kwa ndizi. Mtu mmoja alithubutu kusema ni chupa ya maziwa tu. Kocha alimwangalia kwa muda mrefu sana.

Siku za kazi alitengeneza simu kwenye duka moja mjini, kioo kilichopasuka, betri iliyovimba, kiwiko juu ya meza na lenzi jichoni. Mtu huyu aliyekula kwa simu hakutaka kuiona simu porini. Yake aliiacha nyumbani kila Jumamosi, chini ya mto wa kulalia, na sisi zetu tulimkabidhi mlinzi.

"Telephone inajua uko wapi," alisema. "Weye haujue."

Sukari aliiita sumu, na aliitia vijiko vitano kwenye chai. Kanisani aliimba besi katika kwaya na hakuwahi kufika kabla ya wimbo wa pili. Mkewe alipenda kusema kwamba kama Yesu angetundika kile kitu chekundu cha mzee madhabahuni, mzee angewahi. Jumamosi, hata hivyo, ungeweza kurekebisha saa yako kwa kumwona akishuka kwenye teksi. Wakongomani walimwita Vieux, yaani Mzee, mimi nilimwita Kocha, yeye aliniita Maman Professeur tangu nikiwa sijaandika hata sura ya kwanza ya tasnifu yangu.

Hakusifu. Ukikosea alinyamaza, ukipatia alisema "ça va", yaani sawa, basi. Mara moja tu, nilipokata kona ya mto bila njia na kutokea juu ya kituo cha tano kama niliyekitundika mwenyewe, alisema "ça va bien", sawa kabisa. Jioni ile nilimpigia mama yangu Nakuru kumweleza. Mama aliuliza kama kuna zawadi.

Watu wa nyumba za juu walituchukia kwa msimu mzima. Kuna aliyetupiga picha na kuisambaza kwenye kundi lao la simu, kwamba wageni wanaficha vitu vichakani. Likaja gari la kampuni ya ulinzi, akashuka kijana wa miraba minne na fulana ya kuzuia risasi.

"What are you people looking for here?"

"Number three," Kocha akajibu, akamfungulia ramani juu ya boneti ya gari lake. Baada ya nusu saa kijana yule alikuwa amepata vituo viwili, buti zimejaa matope, na alitaka cha tatu. Kocha alimwambia "sharp", ile "safi" ya vijana wa huku, na kumpa mkono. Kwa mtu asiye na karatasi za maana zaidi ya kibali cha ukimbizi, hakuonekana kamwe kuomba ruhusa ya kuwa mahali alipo. Jambo hilo nililihusudu.

Sasa nije kwenye kipupwe kile, kwa sababu kila ninachokumbuka juu ya Kocha huishia hapo.

Watu wa mbali hudhani Durban haina baridi. Ni kweli, pwani haina. Lakini bonde lile alfajiri ya mwezi wa sita hushika baridi ya mtoni, umande unaingia viatuni, na vidole vinagoma kufungua hata ramani. Mwaka ule umeme ulikatika mara kwa mara, mabomba yakakauka mitaa mizima, na homa ikapita nyumba hadi nyumba. Juu ya hayo yote palikuwa na maneno ya maandamano dhidi ya wageni. Leo mtaa huu, kesho ule, mara nyingi uvumi mtupu, lakini uvumi unatosha kumzuia mtu ndani. Dada wa saluni aliyekuwa nasi tangu mwanzo alimwambia Kocha waziwazi: "Vieux, mimi na accent yangu, mu pori, asubuhi na giza? Hapana." Hakumlaumu. Walipungua mmoja mmoja, na katikati ya mwezi wa sita tulibaki wawili.

Ndipo aliponiambia. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe, tunakula mkate wake, na alisema bila kunigeukia. Ni presha ya macho. Inafunga kutoka pembeni, kama pazia. Daktari amempa matone ya kupunguza kasi, si ya kuponya.

"Mwezi wa nane iko mashindano kule Midlands," akasema. "Ninataka kusoma carte, ramani moja tena. Mwenyewe, toka départ mpaka mwisho. Kiisha, basi. Peke yangu siwezi kufanya mazoezi, sioni tena mashimo. Uje kila samedi. Ni hiyo tu."

Nilimwambia nitakuja. Nilisema kwa moyo wote, na nilikuja.

Jumamosi moja mimi nilitundika yeye akatafuta, nyingine yeye akatundika mimi nikatafuta. Alikataa tuache kupokezana, ingawa mazoezi yalikuwa yake. Zamu yake ya kutafuta nilimfuata hatua kumi nyuma, mdomo umefungwa, ruhusa ya kusema ninayo kwa mashimo tu. Ramani aliikuza kwa fotokopi, akaileta karibu na pua, akaisoma kwa kugeuza kichwa kizima kama anayenusa. Alivaa kofia ya sufu ya mkewe na alikataa glavu, eti vidole lazima viisikie karatasi. Matawi yalimchapa uso. Wiki ya kwanza alipata vituo viwili. Wiki ya tatu vinne, na hapo akaimba njia nzima ya kurudi, ile besi yake. Siku za katikati nilipanda na kushuka vilima vya Morningside, nilikopanga chumba, ili nisiwe mimi wa kumchelewesha. Nilifurahi kuwa mtu ambaye mwingine anamhitaji. Naliandika hili ili linalofuata lisionekane limefanywa na mtu mwingine.

Zamu yake ya kutundika alikuja mapema sana, mwanga ukianza tu, apate kumaliza kabla sijafika. Hakutaka nimwone akipapasa miti.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba ilikuwa zamu yake kutundika. Ijumaa jioni ulizuka uvumi kwamba kutakuwa na maandamano kwenye barabara ya kutoka mjini kwenda Westville. Niliamka saa kumi na mbili kasorobo. Chumba kilikuwa baridi, umeme haupo, maji hayapo. Nilichungulia dirishani, na barabara ya chini ilikuwa tulivu, mtu mmoja anatembeza mbwa. Kwenye simu hakukuwa na habari yoyote. Je, niliogopa? Hapana. Nilikuwa na usingizi, na hofu ya watu wengine ikanipa kisingizio. Saa kumi na mbili kamili nilimwandikia: "Kocha, barabara si salama leo, naomba tuahirishe." Niliutuma ujumbe huo nikijua kwamba saa hiyo yuko ndani ya teksi, na simu iko chini ya mto wake. Kisha nikajifunika. Nililala vizuri, hilo nalo ni kweli.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mlinzi. Kocha alitundika vyote sita. Alisimama getini hadi saa tatu. Mlinzi alimshauri aende nyumbani, yeye akasema vituo haviwezi kulala porini, akaingia kuvikusanya. Saa tano mlinzi alimfuata akamkuta ameketi ukingoni mwa mto, kifundo cha mguu kimevunjika, vituo vitano vimefungwa kiunoni kwa waya. Cha sita alikuwa bado hajakifikia.

Nilimkuta hospitali mguu ukiwa kwenye plasta. Daktari alitaja wiki nane, na mashindano yalikuwa wiki tano mbele. Hakuna aliyehitaji kupiga hesabu. Mkewe alinikaribisha kiti na kunishukuru kwa kuja. Kocha aliuliza habari za tasnifu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nikapewa heshima ya mgeni, na nilijisikia mwizi. Nilipoaga ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba zoezi la samedi halijaisha.

Plasta ilipotolewa, mwezi wa tisa, ukurasa kwake ulikuwa umegeuka ukungu. Sikwenda kukitafuta kituo cha sita. Ningeweza kwenda siku yoyote, mlinzi angenifungulia. Niliogopa kukipata, kwa sababu ningelazimika kumpelekea. Mwaka uliofuata nilimaliza masomo nikapata kazi Johannesburg, na nikawa mtu wa kutuma salamu za Krismasi.

Niliwasikia wengine wakisema Vieux ameacha. Waliomwuliza walijibiwa kwamba hajaacha, ila kuna zoezi moja halijaisha. Walidhani ni uzee. Mimi peke yangu nilijua ana maana gani.

Mwaka huu, kipupwe tena, nilitumwa Durban kwa mkutano wa siku mbili. Nikaongeza siku ya tatu, Jumamosi. Sikumpigia simu. Nilimpigia mkewe, naye akasema kila samedi anakwenda tu bondeni, anaketi na mlinzi. "Teksi zote zinamujua," akasema. "Banamuacha pale pale ku geti."

Nilifika saa moja na nusu kamili. Alikuwa kwenye benchi nje ya kibanda cha mlinzi, kofia ile ile ya sufu, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa wazi lakini yalitazama mahali pasipo na kitu. Nilipokanyaga changarawe aliinua kichwa.

"Maman Professeur," akasema. "Mguu wa kushoto ungali unauburuta."

Nilikaa karibu yake. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima kutoka Morningside, yenye utangulizi na hitimisho, na yote ilinikauka. Nikabaki na sentensi moja.

"Kocha, siku ile barabara ilikuwa salama."

"Ninajua," akasema. "Nilipita humo."

Alikunywa chai. Mlinzi, ambaye Kiswahili hakijui lakini si mjinga, aliondoka taratibu akaenda kukagua ua usiohitaji kukaguliwa. Nililia kidogo, bila sauti, na nadhani alisikia, maana alingoja. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa dira yake ya Ubelgiji, akanipa.

"Daraja ya mbao. Toka pale, digrii makumi tatu, hatua zako mia moja na kumi. Iko jiwe kubwa sawa na frigo. Nyuma ya jiwe, chini, mu mizizi."

Niliingia bondeni. Bonde lilikuwa lile lile, baridi ile ile ya mtoni. Kwenye daraja niliishika dira kifuani, sindano ikakwama, nikaiinamisha. Mara hii ilikuwa dira yenyewe, na ilizunguka. Nilihesabu hatua. Jiwe lilikuwepo, mmea umelitambalia. Nilipiga magoti na kufukua majani kwa mikono, na waya ulinikata kidole kabla sijaona chochote. Kituo cha sita kilikuwa kimepauka hadi rangi ya fizi, kimejaa udongo, ndani kuna buibui aliyekaa kama mwenye nyumba. Nilimhamisha. Nilikaa pale chini muda kidogo nikiwa nimekipakata, mtu mzima mwenye shahada tatu, halafu nikarudi nikikimbia.

Alikipokea kwa mikono miwili. Aliyapapasa matundu kwa dole gumba, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Sita," akasema. Halafu: "Ni saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano."

"Umechelewa."

"Ndiyo, Kocha."

Alifikiri. Nilidhani sasa atayasema yale aliyonyamaza nayo hospitalini, na nilikuwa tayari kuyasikia yote. Badala yake aliinama chini ya benchi, akavuta mfuko wa plastiki na kuuweka mapajani mwangu. Ndani vilikuwemo vile vitano vingine, vyekundu kabisa. Vilikuwa vimepakwa rangi upya, na rangi ilikuwa imevuka ukingo hapa na pale, kama inavyokuwa mtu anapopaka bila kuona.

"Bon," akasema. "Ile ilikuwa zamu yangu kutundika. Imeisha. Sasa iko zamu yako."

Nikamwuliza atavitafutaje. Aliniambia hilo si swali la anayetundika. Nikasema basi nitavitundika karibu na njia, chini chini, apate kuvishika.

"Usinihurumie," akasema. "Weka mbali. Mulinzi atakuwa nyuma yangu hatua kumi, kwa mashimo tu. Carte ninayo." Akajigonga kofia.

Kisha akasimama. Alishika ukingo wa kibanda, akatafuta geti kwa mkono uliokunjuliwa, akalielekea, na akanipa mgongo, asije akaona ninakokwenda.